Nilivyoweka tiki kwenye neno "kinga" kule Moa, na Dokta wangu akawa Profesa

Wakuu, amani kwenu nyote, na mlionizidi umri shikamooni.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji. Leo nimeamua kufungua uzi wangu mwenyewe kwa sababu nimechoka kucheka peke yangu, na kicheko chenyewe kimeanza kunipa kiungulia.

Ninachosimulia kimenitokea mimi. Sijatia chumvi, na pale nilipokosea nitasema nimekosea. Majina ya watu nimebadilisha. La kwangu silitaji kabisa, na mkifika mwisho mtaona kwa nini hata mkilitafuta hamlipati.

Chanzo cha uzi huu ni bango.

Juzi natoka sokoni na baiskeli yangu, narudi zangu Mabawa, hapa Tanga mjini, nikakuta bango jipya limetundikwa. Picha ya bosi wangu wa zamani, koti jeupe, mikono imekunjwa kifuani, na maandishi makubwa: HONGERA PROFESA. Nikashuka kwenye baiskeli. Nikalisoma mpaka chini, nikarudia juu. Nilisimama muda mrefu kiasi kwamba muuza mihogo wa pale akanipa pole, akaniuliza marehemu alikuwa nani yangu.

Nikamwambia hajafa, amepandishwa cheo.

Sasa wakuu, ngoja niwape picha ya mtu mwenyewe.

Bosi wangu alikuwa mtafiti wa immunology, yaani elimu ya namna mwili unavyopigana na magonjwa. Sisi wafanyakazi wake tulimwita Dokta Orodha, kwa siri, kwa sababu ya orodha ya makala zake. Watu wengine hutembea na picha za watoto wao kwenye simu. Yeye alitembea na orodha. Ukimsalimia habari za asubuhi, anakujibu kwamba makala fulani imekubaliwa na jarida fulani. Ukimpa pole ya mafua, anakwambia mafua hayo ameshayaandikia.

Kulikuwa na kitu kinaitwa h-index. Kwa wale ambao hamjabahatika kuteseka nacho: ukiwa na makala kumi, na kila moja wenzako wameitaja kwenye kazi zao mara kumi au zaidi, basi h-index yako ni kumi. Ndiyo hivyo tu. Ni kama humu ndani tukipimana kwa uzi wa nani umenukuliwa sana, halafu mshindi anapewa ofisi yenye kiyoyozi.

Dokta alikuwa anaangalia h-index yake kila asubuhi kabla ya chai. Ikipanda, siku hiyo ofisi nzima tunaombwa radhi hata kwa makosa ambayo hakuyafanya. Isipopanda, usimpelekee karatasi ya ruhusa.

Siku moja kulikuwa na harusi ya mpwa wake, akampenyezea MC kikaratasi. MC wa watu akasoma kama alivyopewa, kwamba tunaye ukumbini msomi mwenye h-index kubwa kuliko wote ukanda huu. Kina mama wakapiga vigelegele. Bibi mmoja niliyekaa naye meza moja akaniuliza hiyo inabeba abiria wangapi.

Na alijua kuikuza. Mwanafunzi wake yeyote akiandika kazi, lazima aanze kwa kumtaja Dokta, ndipo amtaje Mola na wazazi. Yeye mwenyewe kila makala mpya alijitaja, kisha makala iliyofuata ikamtaja akijitaja.

Kukata ndiko alikokuwa fundi hasa. Utafiti mmoja aliukata kama mkate wa kumimina kwenye khitma ambayo wageni wamezidi, vipande vyembamba ili kila sahani ipate. Makala ya kwanza: watoto wa kiume. Ya pili: watoto wa kike. Ya tatu: watoto wa kiume na wa kike kwa pamoja. Sicheki jamani, nimezichapa mimi mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Dokta alipata mradi wa kuchunguza chanjo ya surua kwa watoto wa vitongoji vya huko Moa. Kwa wasiopajua, unafuata njia ya Horohoro, kabla hujafika mpakani unashuka, unakamata bodaboda na kumeza vumbi lako kimya kimya. Kitongoji chenyewe sikitaji. Kiko mbali na zahanati, na chanjo ilikuwa inawafikia kwa gari la nesi, ile huduma ya mkoba, linakuja siku yake maalumu kina mama wanajipanga na kadi.

Kazi yetu ilikuwa mbili. Kuuliza mama maswali, na kuchukua damu kidogo ya mtoto. Damu ikapimwe kama ina wale askari wanaobaki mwilini baada ya chanjo. Halafu majibu ya mama na majibu ya damu yalinganishwe.

Dodoso liliandikwa Kiingereza. Nikapewa mimi nitafsiri. Swali la saba lilikuwa linauliza kama mtoto ameshapata chanjo ya surua. Nikaandika, "Je, mtoto amechanjwa chanjo ya surua?" Kuna cha ajabu hapo wakuu?

Dokta akakipata. Alikuwa amesoma mahali kwamba watu wa pwani wakisikia kuchanja wanafikiria chale za wembe. Akaniita ofisini, akaniambia tafsiri yangu ni ya kienyeji, italeta mkanganyiko. Akafungua kamusi. Akashusha kidole. Akaandika kwa mkono wake: "Je, mtoto amewekewa kinga?"

Na surua akaifuta, eti ipo kwenye kichwa cha habari cha dodoso, haina haja ya kurudiwa.

Mimi ni mtoto wa Mabawa, na bibi yangu mzaa mama alizikwa huko huko Moa. Najua kuwekewa kinga ni nini. Nikamwambia, "Dokta, kule ukisema mtoto kawekewa kinga, watu wanaelewa hirizi. Kisomo. Kitu cha kufungwa mkononi asipatwe na kijicho."

Akavua miwani. Akasema, "Kinga ndiyo immunity. Ni neno la kisayansi. Wewe ni mkusanyaji wa takwimu. Kazi yako ni kusoma swali kama lilivyo na kuweka tiki. Ukimfafanulia mhojiwa umeharibu utafiti."

Kisha akalainika sauti, akaniambia nikifanya kazi vizuri jina langu litatoka kwenye makala.

Wakuu, hapo ndipo aliponiweza. Sijui niwaeleze vipi. Marehemu baba yangu alikuwa tarishi wa ofisi, maisha yake yote amebeba karatasi zenye majina ya watu wengine. Nilitamani jina letu litoke mahali, limechapwa. Nikanyamaza. Naomba hili mlikumbuke, maana humu kuna watu mtaanza kumshambulia Dokta na kuniacha mimi.

Siku ya tatu ya kazi nikaingia kwa Mama Saumu.

Mama Saumu ni mama wa rika langu, mcheshi, analima mpunga na kusuka ukili. Saumu alikuwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka, ana mapaja ya kumung'unya, na kwenye mkono wa kushoto amefungwa kijimfuko cha kaniki, kile kitambaa cheusi. Nikavaa glovu zangu, nikafungua dodoso.

"Je, mtoto amewekewa kinga?"

"Ee dada, kawekewa," akanyanyua ule mkono wa mtoto nione. "Si hino hapa?"

Kwenye dodoso kulikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Hapakuwa na kisanduku cha kaniki. Nikaweka tiki kwenye ndiyo.

"Nani aliyemwekea kinga?"

"Mwalimu Bakari."

Majibu yaliyokuwepo: hospitali, zahanati, gari la mkoba, mtoa huduma mwingine wa jamii. Nikaweka tiki kwenye mtoa huduma mwingine wa jamii.

"Je, mtoa huduma huyo ana elimu ya chuo?"

Mama Saumu akacheka. "Mwalimu Bakari? Ana chuo chake mwenyewe mwaya. Sie sote pale tumesoma kwake."

Kwetu pwani chuo ni pale watoto wanapokaa mkekani na juzuu. Nikaweka tiki. Elimu ya chuo, ndiyo.

Nikamtoa Saumu damu, akalia, akanyamazishwa na titi. Nikawa nafunga begi langu. Ndipo Mama Saumu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikiwa naosha vyombo linanijia.

"Kwa hiyo dada, hino kinga yake yatosha? Au gari la nesi likija nimpeleke tena?"

Niliwaza kumjibu. Wallahi nilifungua mdomo. Lakini msimamizi wetu alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake ya kutukagua, na nikimfafanulia mhojiwa nimeharibu utafiti, na jina langu halitoki.

Nikamwambia, "Asante kwa ushirikiano wako."

Hayo ndiyo maneno yaliyoandikwa mwisho wa dodoso. Mama Saumu akayachukua kama ndiyo. Wewe ungeyachukuaje? Mtu kaja na glovu, kamtoa mtoto damu, kaona kinga, kashukuru.

Haya. Damu ikapimwa.

Majibu yalipotoka, watoto wengi sana ambao mama zao walisema wana kinga hawakuwa na askari wowote wa surua mwilini. Hata wa kusingizia. Mtu wa kawaida angesema, basi hawa hawajachanjwa, tuliuliza vibaya. Nilidhani Dokta atasikitika.

Dokta alifurahi wakuu. Alifurahi kama mtu aliyeletewa posa.

Alisema ni ugunduzi. Kwamba miili ya watoto wa ukanda huu inaipokea chanjo kimya kimya, bila kuacha alama kwenye damu. Akaipa jina, coastal silence, ukimya wa pwani. Akaongeza kwamba kuna kundi jipya la watoa chanjo wa jamii, wenye elimu ya chuo, wanaofanya kazi kubwa bila kutambuliwa. Hapo anamzungumzia Mwalimu Bakari, mzee wa watu ambaye hajawahi kushika sindano isipokuwa ya kushonea kofia.

Makala ikatoka. Mimi nikaifungua haraka haraka kutafuta jina langu. Majina ya waandishi yalikuwa yamepanga foleni, akiwemo mtu mmoja ambaye nijuavyo mchango wake ulikuwa kutukopesha jenereta. Langu halikuwepo. Hata kwenye shukrani, waliandika wanawashukuru "wasaidizi wa uwandani". Dokta akaniambia nisiwe na papara, itatoka nyingine.

Makala hiyo ikapaa. Sijui kama mmewahi kuona kitu cha uongo kinavyopendwa kikivaa tai. Watu wa nchi za mbali wakaanza kubishana kwa nini miili ya watoto wa Tanga ina ukimya. Mmoja akasema ni minyoo. Mwingine akasema ni nazi. Mwingine akaandika kuwapinga wote wawili, na ili kuwapinga ikabidi amtaje Dokta. Kila ubishi ulimwongezea Dokta h-index. Akaitwa mikutanoni, akarudi na mikoba yenye nembo, mmoja akanipa mimi. Ni mzuri, nawekea viazi.

Wasomi dunia nzima wanaumiza vichwa, na jibu lilikuwa limefungwa kwenye mkono wa Saumu kwa uzi.

Mpaka hapo mngeweza kucheka na mimi tukamaliza. Shida ni kwamba makala ilisomwa pia na watu wa mradi fulani uliokuwa unagharamia lile gari la mkoba. Wakaona kule Moa kina mama karibu wote wanasema watoto wana kinga, na wapo watoa huduma wa jamii wenye elimu ya chuo. Wakasema safi, tuhamishie gari kwingine wanakohitaji zaidi.

Mimi sikujua. Nilijua siku nilipokwenda kule kwenye msiba wa shangazi. Mama Saumu akanifuata jikoni, Saumu amemshika kanga, sasa anatembea. Mama mwenyewe ana mdogo wake Saumu mgongoni.

"Dada, gari la nesi halioneki. Huyu mdogo bado sindano. Nyie watu wa damu ndio wenye habari, hebu tuulizie."

Nikarudi mjini nikamfuata Dokta. Nikamwambia watoto wale hawana chanjo, wana hirizi, na sasa hata gari hawana. Surua ikipita pale itafagia.

Alinisikiliza akiwa anakodolea kompyuta. Akasema mambo ya magari siyo immunology. Halafu akasema, kwa upole kabisa, kama ananifundisha, "Unajua hii makala imetajwa mara ngapi? Unataka wote hao wawe wamekosea?"

Ndiyo, nilitaka hivyo hivyo. Lakini nilisema "sawa Dokta" nikatoka. Nilikasirika mpaka nikashindwa kufungua kufuli ya baiskeli yangu.

Bahati ikaja na cheo. Dokta aliomba uprofesa, na kwenye maombi lazima aje mtu wa nje kuhakiki kwamba kazi zako zimegusa jamii. Akaletwa mama mmoja profesa kutoka ng'ambo ya Horohoro, upande wa Kenya. Dokta akaandaa kila kitu. Kwamba tutampeleka Moa, tumwoneshe wale watoa huduma wa jamii, apige picha nao. Mimi ndiye niliyeambiwa nimtafute mtoa huduma.

Nikampeleka kwa Mwalimu Bakari. Nifanyeje? Dodoso linasema ndiye.

Dokta alidhani mgeni wake ni wa maabara tu. Hakujiuliza mama yule kazaliwa wapi. Tulipofika, akavua viatu, akajitanda mtandio vizuri, akakaa mkekani na Kiswahili chake cha pwani ile ya pili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Nimeambiwa wewe ndiwe uwawekeao watoto kinga."

"Ndiye mimi, kwa uwezo wake Mola."

"Na hiyo kinga mwaihifadhi wapi isiharibike? Mna friji?"

Mwalimu akanitazama mimi, akamtazama Dokta, akarudi kwa mgeni. "Friji ya nini mwanangu? Yenyewe haitaki baridi. Yataka udhu, wino wa zafarani na karatasi safi."

Dokta akakohoa. Akasema kwa Kiingereza kwamba mzee anazungumza kwa mafumbo.

Mama Profesa hakugeuka. "Na chuo, Mwalimu, ulisomea wapi?"

"Chuo ndicho hiki umekikalia."

Watoto kama sita hivi walikuwa pembeni wameacha kusoma, wanatushangaa. Mama Profesa akatoa makala kwenye mkoba wake, akaisoma mahali, akatazama mkeka, akasoma tena. Sikuwahi kuona mtu akijizuia kucheka na kukasirika kwa wakati mmoja. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, nani alikuwa anawasomea kina mama haya maswali.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Mabawa."

"Kwa hiyo ulijua maana ya kinga."

"Nilijua."

Akaikunja makala, akairudisha mkobani. Angenitukana ningeshukuru.

Aliyesema ni Mwalimu Bakari. Alikuwa ameshaelewa kwamba kuna jambo limeandikwa juu yake. Akamgeukia Dokta, bila kupandisha sauti.

"Mie naandika dua. Sindano ni ya nesi. Wajukuu zangu mimi, gari likija, nawapeleka kwa mkono wangu, na hirizi yao mkononi, kimoja hakimzuii mwenziwe. Sasa gari limekatwa. Nani kasema mie natosha?"

Dokta akasema muda umekwenda, barabara ni mbaya.

Kesho yake asubuhi Dokta akaniita. Safari hii nikakaribishwa kiti. Juu ya meza kulikuwa na barua imeshachapwa. Mama Profesa amemwambia hawezi kusaini chochote mpaka makala irekebishwe hadharani, na watu wa mradi waarifiwe. Dokta amekubali kurekebisha. Kuna kitu kidogo tu. Barua ilisema kwamba kosa lilitokana na tafsiri isiyo sahihi iliyofanywa na mkusanyaji wa takwimu bila mtafiti mkuu kujua. Chini palikuwa na nafasi ya saini yangu.

Nikamwambia, "Dokta, neno hili uliliandika wewe. Kwa mkono wako. Kamusi hiyo hapo kabatini."

Akasema, "Una hiyo karatasi?"

Sikuwa nayo. Nani anatunza rasimu ya dodoso?

Akaniambia nisiposaini, itabidi aunde kamati ya kuchunguza nani alikosea, na kamati huchukua muda, na makala itabaki kama ilivyo mpaka kamati imalize. Alisema hivyo huku ananisogezea kalamu.

Nilifikiria jina la baba. Halafu nikamfikiria yule mdogo wake Saumu mgongoni, bado sindano.

Nikamwambia nitasaini kwa sharti moja. Barua kwa watu wa mradi iende sasa hivi, mimi nikiwa nimesimama hapa, kabla ya jarida. Akaandika, akatuma, nikaona imetumwa. Nikasaini. Siku ya pili yake nikaacha kazi. Siku hizi nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, na nawasaidia watu kujaza fomu. Mtu akinipa fomu yenye swali la kijinga namwambia ni la kijinga.

Gari likarudi wakuu. Lilichukua wiki kadhaa, lakini lilirudi.

Surua ilitangulia.

Kitongojini kwa Mama Saumu waliugua watoto wengi. Hakufa mtoto, alhamdulillahi, na hilo peke yake ndilo linaloniwezesha kuandika uzi huu kwa kebehi. Saumu aliugua sana. Upele ukaisha, homa ikaisha, sikio la kushoto likabaki linatoa usaha, na usaha ulipokauka halikusikia tena.

Siku gari lilipokuja nilikwenda. Mama Saumu alikuwa kwenye foleni na mdogo wake Saumu. Nilimwambia yote, pale pale kwenye foleni. Neno lilibadilishwaje, kwamba nilijua, na kwamba alipouliza nilimjibu asante kwa ushirikiano. Sikumficha kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Kisha akasema, "Mie nilikuuliza dada." Basi. Akasogea mbele, zamu yake ilikuwa imefika.

Sasa nimalizie na ile orodha.

Marekebisho yalitoka kwenye jarida. Ni aya moja. Inasema neno moja la Kiswahili lilitafsiriwa vibaya uwandani, na kwamba matokeo yasomwe kwa tahadhari. Aliyelitafsiri vibaya ametajwa kwa jina. Hatimaye, wakuu, jina langu likatoka, limechapwa, kwenye jarida la kimataifa. Na wamelikosea herufi. Jina la baba wameliandika kama la mtu wa bara asiyekuwepo. Ndiyo maana nikasema mkitafuta hamnipati.

Aya inaishia kwa kumshukuru huyo mtu asiyekuwepo kwa ushirikiano wake.

Sijamaliza. Marekebisho nayo yanahesabika kuwa ni chapisho. Dokta ameyaweka kwenye orodha yake, nimeyaona kwa macho yangu. Na wale waliokuwa wanabishana juu ya minyoo na nazi, sasa wanaandika makala kuhusu hatari ya tafsiri mbaya, na wote ili waandike lazima wamtaje. H-index imepanda. Mama Profesa, nasikia, aliandika ripoti kali, ila wahakiki walikuwa wengi na wengine walihesabu orodha tu. Bango mtaliona mkipita sokoni.

Nilichojifunza ni kidogo na nilikuwa nakijua tangu mwanzo. Mtu akikuuliza jambo la mtoto wake, mjibu. Weka chini karatasi, umjibu. Msimamizi akikukagua mlangoni, na akukague.

Wenye PhD zenu humu, najua mnakuja kuniambia h-index ina faida zake na watafiti wote siyo hivyo. Njooni, uwanja ni wenu, hata waliowahi kuweka tiki wanayojua ni ya uongo njooni msemee hapa, tusibebe peke yetu. Na kama kuna mtu atafika Moa akamkuta mtoto mmoja wa kike mwenye kijimfuko cha kaniki mkononi, akamuita asiitike, asidhani ana kiburi.

Ahamie upande wa kulia, amuite tena.